Wananirudishia uloto wangu mwenyewe. Ni kwa sababu nina VVU?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, fundi magari hapa Tanga, nina mke na watoto wawili. Naishi na VVU tangu 2011. Mke wangu anajua, yeye hana, na watoto hawana. Nameza TLD, ARV zangu za kidonge kimoja, kila usiku baada ya taarifa ya habari, na kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilisema havionekani. Zaidi ya mke wangu na watu wa CTC, kliniki yangu ya VVU, hakuna mwingine anayejua.

Mwaka juzi niliota mtoki shingoni, nikadhani ni jino. Ukakua hadi kola ya ovaroli ikakataa kufunga. Wakakata kinyama wakapeleka kupima, jibu likaja limfoma, saratani ya tezi, tena ile inayokwenda mbio. Nikapata kemo sita, nikapona, nikarudi gereji. Mwaka huu baada ya Ramadhani mitoki imerudi, safari hii kwapani na tumboni. Nimeanzishiwa kemo nyingine kali zaidi na nimemaliza mizunguko miwili.

Sasa daktari anasema baada ya hapa nikapandikizwe uloto, ule uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na anataka kuniandikia barua ya India. Hospitali niliyopita kwanza, daktari mmoja kijana alifungua faili langu akasema mbele ya wanafunzi wake, "Wa hali hii hapandikizwi." Huyu wa sasa anasema napandikizwa. Nimsikilize nani?

Kaka yangu mkubwa anaishi Mombasa. Aliposikia neno uloto, akatangaza kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba atanitolea yeye. "Damu yetu moja, atoe nani kama si mimi?" Watu wakalia, mchango ukaanza. Mimi nikawa nawaza: akienda kupimwa, si ataambiwa mdogo wake ana nini? Nikiwa bado natafuta namna ya kumkwepa, daktari akanambia hawahitaji mtu wa kunitolea. Watachukua mbegu za uloto wangu mwenyewe, zile seli zinazozaa damu, wazihifadhi, halafu wanirudishie.

Mama, nilinyamaza lakini roho iliniuma. Mimi ni fundi. Gasketi ikiungua siitoi nikairudisha ileile. Nikajiambia, wenzangu wanapewa uloto mzima wa ndugu zao, mimi kwa kuwa nina virusi nafungiwa kibovu changu.

Halafu shangazi yangu, ambaye hajui kitu, akatuma kwenye grupu video ya Wazungu waliopandikizwa uloto wakapona saratani na UKIMWI kwa mpigo. Nilimtazama mke wangu, naye akanitazama. Usiku ule sikumeza kidonge. Nilimeza kesho yake. Nataka kujua, nikipandikizwa naacha ARV? Na kwa nini nisichukue wa kaka nipone yote mawili? Tuna kiwanja Pongwe na mteja yupo. Niuze?

Samahani kwa swali la mwisho, najua ni la kitoto. Nikirudi nitaruhusiwa supu ya pweza?

Fundi, Tanga

---

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, kidonge cha leo usiku kimeze. Na cha kesho. Na cha siku ya kupandikizwa, na cha siku ya pili yake. Ule usiku mmoja ulioruka haujakuharibia kitu, na usije ukameza viwili kufidia. Ila usirudie, nitakueleza kwa nini.

Kwanza tumalize la gasketi, maana naona ndilo lililokuumiza. Mfano wako ni mzuri, ila umekosea kifaa. Kilichoungua kwako ni tezi, si uloto. Kabla ya kukupeleka watauchunguza uloto kwa ile sindano nene ya nyongani, wahakikishe saratani haijaingia humo. Kemo za kawaida hupimwa kwa kiasi ambacho uloto unaweza kustahimili, kwa sababu kemo haichagui: inapiga saratani na inapiga kiwanda cha damu. Limfoma iliyorudi inataka kipigo kikubwa zaidi ya hapo, na kipigo hicho kinaua kiwanda chote. Mtu asiye na uloto hana chembe nyeupe za kupambana na vijidudu wala chembe sahani za kuzuia damu isimwagike. Hamalizi mwezi.

Sasa mfikirie mkulima wa Handeni ambaye shamba limeshikwa na magugu hadi hana njia ila kulichoma lote. Kabla hajawasha moto anachagua mahindi ya mbegu, anayaning'iniza jikoni juu ya moshi. Shamba likishaungua anapanda mahindi yake yaleyale. Umewahi kusikia jirani akisema mkulima huyo kadharauliwa? Dawa yako ni moto. Mbegu zipo ili usife na moto.

Na mtu asiye na VVU, mwenye limfoma iliyorudi kama yako, akifika kwa mabingwa haohao kwa kawaida naye hutumiwa uloto wake mwenyewe. Uloto wa mtu mwingine una gharama yake ndani ya mwili: ni mgeni anayeweza kumgeuka mwenyeji, akashambulia ngozi, ini na utumbo, ukabaki unameza dawa za kumtuliza kwa miezi, wengine miaka. Wenye saratani iliyo ndani ya uloto wenyewe, kama baadhi ya lukemia, wanalazimika kuubeba mzigo huo. Wewe kama umeepushwa nao, shukuru.

Nimeuguza wodi ya saratani miaka mingi kabla sijakaa kwenye kiti hiki cha kuandika, kwa hiyo nikwambie kitakachotokea, usiende kushangaa ugenini. Utachomwa sindano chini ya ngozi kwa siku kadhaa, za kuuchochea uloto umwage mbegu kwenye damu. Mifupa itauma, kiuno hasa, kama mtu aliyeshusha injini peke yake. Kisha utalazwa kando ya mashine. Damu inatoka, inazungushwa, mbegu zinabaki kwenye mfuko na damu iliyobaki inakurudia. Ni kazi ya saa kadhaa, na pengine itarudiwa kesho yake. Midomo ikianza kufa ganzi mwambie muuguzi hapohapo, ni kalsiamu imeshuka.

Mbegu zinagandishwa. Unakaa siku chache za ile kemo kubwa, na ukipewa dawa iitwayo melfalani huenda wakakupa vipande vya barafu umung'unye. Usione wanakutania. Baridi inabana mishipa ya mdomo, dawa inafika kidogo, vidonda vinapungua. Siku ya kurudishiwa, watu wengi wanategemea kisu na chumba cha upasuaji. Hakuna. Mfuko unayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu na unaingia mshipani kama dripu yoyote. Kinachowachekesha na kuwakera watu ni harufu. Dawa inayozilinda mbegu zisipasuke kwenye baridi hutokea kwa pumzi, chumba kizima kinanuka kama mtu katwanga kitunguu saumu. Mkeo ajue mapema, asije akafungua madirisha ya watu.

Baada ya hapo mnasubiri. Kwa wiki moja na nusu, mbili hivi, chembe nyeupe zinakuwa karibu na sifuri. Homa ya siku hizo haingojwi asubuhi. Hata ukiwa umelala, unabonyeza kengele.

Kuhusu yule daktari kijana: alikuwa anasoma daftari la zamani. Ni kweli kuna wakati VVU peke yake vilitosha kumfungia mtu mlango. Lakini Marekani walifuatilia watu 40 wenye VVU ambao limfoma ilirudi au iligoma, wakawapandikiza uloto wao wenyewe, na matokeo yakachapishwa 2016. Baada ya mwaka mmoja, kwa kiwango cha watu 87 hivi katika kila 100, walikuwa hai. Walipolinganishwa na wagonjwa wasio na VVU, tofauti ya maana haikuonekana. Hata uloto wa kutoka kwa mtu mwingine umefanyiwa utafiti kwa watu 17 wenye VVU, ukatoka 2019, na ndani ya siku 100 za kwanza hakuna aliyekufa kwa madhara ya upandikizaji wenyewe. Kwa hiyo huyu wa sasa ndiye wa kumsikiliza. Na yule wa kwanza, kusema hali yako mbele ya darasa zima, hilo halihitaji utafiti. Nchi hii ina sheria ya UKIMWI tangu 2008 inayolinda siri yako.

Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wale 40 hawakuokotwa barabarani. Walikuwa watu ambao saratani yao ilikuwa imesinyaa kwa kemo waliyopewa kabla ya kupandikizwa. Mbegu na moto havimsaidii sana mtu ambaye mitoki yake haikusinyaa kabisa kwa hii kemo unayopata sasa. Na hata aliyepandikizwa vizuri, limfoma inaweza kurudi.

Hapo ndipo linapoingia la Pongwe. Usiuze bado. Maliza mizunguko, upigwe picha, kisha umuulize daktari swali moja: "Kemo hii imefanya kazi kiasi gani?" Akikwambia imefanya, muulize la pili, kama lazima iwe India. Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa wagonjwa wa mailoma, aina ya saratani ya uloto, waliorudishiwa mbegu zao wenyewe, na Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wamepandikiza watoto wenye selimundu. Daktari wako ndiye atakayejua kama limfoma yako inaweza kushughulikiwa nyumbani. Ikibidi safari, dai makadirio ya maandishi, na usome yanachoacha. Mara nyingi yanataja kitanda na dawa, hayataji chumba cha kupanga jirani na hospitali, chakula cha watu wawili, na vipimo vya wiki baada ya kutoka wodini. Nimewaona watu waliochangiwa na mtaa mzima wakaishiwa fedha chembe zikiwa ndiyo kwanza zinapanda.

Sasa video ya shangazi. Haikudanganya yote, na hilo ndilo baya lake.

Mtu wa kwanza aliitwa Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin. Alikuwa na VVU, na mwaka 2006 akapata lukemia. Daktari wake, Gero Hütter, hakutafuta tu mtu wa kulingana naye uloto. Alitafuta mtu ambaye seli zake hazina kitasa ambacho VVU hukitumia kuingilia, kitasa wanachokiita CCR5. Akampata. Brown alipandikizwa 2007, lukemia ikarudi, akapandikizwa tena 2008, na katika kupona huko alifika karibu na kaburi. Virusi havikurudi tena. Baadaye akaja Adam Castillejo wa London, aliyetangazwa 2019, kisha Marc Franke wa Düsseldorf, na mwanamke mmoja wa New York aliyepewa damu ya kitovu cha mtoto. Ukiwahesabu wote duniani bado hawajajaza Hiace moja.

Na wote walikuwa na saratani iliyowalazimu kupewa uloto wa mtu mwingine. Hakuna aliyepandikizwa ili atibiwe VVU peke yake, kwa sababu huwezi kumpitisha mtu kwenye moto ule kwa ugonjwa unaotulizwa na kidonge kimoja kwa siku.

Wewe utarudishiwa mbegu zako, zenye kitasa kilekile, na mwilini mwako kuna seli zilizoficha virusi ambazo kemo haizimalizi. Uloto wa kaka yako nao usingekufikisha huko. Watu wasio na kitasa hicho ni kama mmoja katika kila 100 kwa watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini, na kwetu Waafrika karibu hawapo. Ni kweli yupo mgonjwa wa Geneva aliyepona kwa uloto wenye kitasa cha kawaida, wanasayansi bado wanakuna vichwa. Lakini kabla yake walikuwepo wawili wa Boston. Walipandikizwa, virusi havikuonekana tena hata kwa vipimo vikali, wakaacha dawa chini ya uangalizi wa madaktari. Kwa mmoja virusi vilirudi wiki ya 12, kwa mwingine wiki ya 32. Hao walikuwa na uloto wa watu wengine na madaktari bingwa mlangoni. Wewe ukiacha, virusi vinarudi haraka, tena wakati kinga yako iko chini kuliko siku yoyote ya maisha yako.

(Brown mwenyewe alifariki 2020. VVU havikumrudia, lukemia ndiyo iliyorudi. Video hazifikishi hadithi hapo.)

Upande wa dawa una bahati. Dolutegravir iliyomo kwenye TLD haigombani na kemo nyingi, tofauti na zile za mstari wa pili zenye ritonaviri, au zidovudini ya zamani iliyokuwa ikiudhoofisha uloto wenyewe. Wanaweza kukubadilishia tenofovir, ambayo nayo imo kwenye TLD, wakiona figo zinalemewa. Waache wao waamue, na daktari wa saratani azungumze na CTC yako kwa simu badala ya wewe kubeba ujumbe. Wakikupa vidonge vya chuma, kalsiamu au dawa ya kiungulia yenye magnesi, uliza saa za kumeza. Kidonge chako kinatakiwa kitangulie kwa muda wa saa mbili au kifuate muda wa saa sita baadaye, la sivyo vinashikana tumboni na hakifanyi kazi. Na mkienda India chukua CTC dawa za miezi yote ya safari, ingawa zina uwezekano mkubwa wa kuwa zimetengenezwa hukohuko!

CD4 zako, zile chembe za kinga, zitashuka baada ya kupandikizwa, zikae chini miezi. Usilie ukiona namba. Utarudishwa kwenye Septrin, dawa ya kukukinga na maambukizi, na baadaye utachanjwa upya zile chanjo za utotoni, maana mwili unasahau. Utapanga foleni ya kliniki na akina mama wenye vichanga.

Kaka yako. Huna haja ya kumkwepa wala kumdanganya. Mwambie: "Kaka, daktari anasema ugonjwa huu unatibiwa kwa uloto wangu mwenyewe, hahitajiki mtoaji." Ni kweli tupu na haifungui faili lako. Lakini usimwache mikono mitupu, mtu aliyeahidi uloto mbele ya ukoo mzima anahitaji kazi. Mpe gereji na ada za watoto kwa miezi hiyo. Mkija kutibiwa hapa nchini, aje achangie damu.

Wa kusafiri nawe ni mkeo. Anayekaa kitandani kwako ataona kila kidonge unachomeza, na madaktari watazungumza mbele yake. Lazima awe mtu anayejua. Na timu ya upandikizaji lazima ijue pia, hilo usilifiche hata kama unaona haya.

Lingine ambalo hukuliuliza. Katika michango ya WhatsApp, siku si nyingi atatokea mtu wa kusema, "Tuwekeeni barua ya rufaa tuione." Barua hiyo imeandikwa kila kitu, pamoja na herufi tatu ambazo hutaki binamu wa Muheza azisome. Mwombe daktari karatasi nyingine, inayotaja jina, saratani ya tezi na gharama tu. Hiyo ndiyo ipigwe picha. Ile ya rufaa mkeo aitie kwenye bahasha, aifunge, asiiache mezani wageni wakija kukuangalia.

Ukikaribia kurudi gereji, jipe miezi kwanza. Vumbi, moshi na matambara yenye ukungu si mahali pa mtu mwenye kinga changa.

Na swali lako si la kitoto, kila mgonjwa wangu wa pwani aliniuliza. Pweza utakula, ila apikwe nyumbani, aive sawasawa, umle akiwa wa moto. Yule wa jioni pale kona, mwenye kibakuli kimoja cha pilipili kinachochovywa na mtaa mzima, asubiri mpaka daktari akuruhusu.